Mwanangu, ngoma ikilia sio lazima ucheze

Mwanangu,

Juzi ulivyonipigia ukaniambia wiki ya pili hii hujaingia darasani, mana kila ukishika daftari kichwa kinakwambia hufai, utafeli tena, nilikosa la kusema nikabaki na "pole mama, jikaze". Toka siku hiyo silali vizuri kwa lile neno jikaze, mana mimi mwenyewe lilishanishinda.

Habari ya ule moto hatukukusimulia yote. Nilikuwa nasafisha shamba kabla korosho hazijaanza kudondoka, nikachoma majani, upepo ukageuka, mikorosho 23 ikateketea, ile ile aliyopanda babu yako, na 6 ya jirani. Baada ya hapo kila nikilala wazo ni hilo hilo, umeiangamiza familia. Nikaacha kwenda shamba, nikaacha hata kupita njia ile, nazungukia kule msikitini nisivione vile visiki vyeusi, yani nilidhani nalikimbia wazo kumbe ndo nalinenepesha, mpaka presha ikapanda nikalazwa.

Hospitali ndo nikakutana na nesi mmoja anayetoa ushauri nasaha. Hakuniambia niache kuwaza. Aliniuliza, baba, msimu wa unyago ngoma ikikesha kwa jirani unafanyaje? Nikamwambia najifunika mto. Unapata usingizi? Sipati, mana nalala nasikilizia itanyamaza saa ngapi. Akasema basi na hayo mawazo ni hivyo hivyo, iache ilie, hakuna aliyekushika mkono ucheze, na shughuli zako unaweza kufanya huku inalia.

Afu akanipa la kufanya. Nisiseme "nimeiangamiza familia", niseme "naona lile wazo kwamba nimeiangamiza familia limekuja". Ni maneno machache tu unaongeza, ila jaribu usikie, ni kama umesogeza kiti nyuma kidogo ukaliangalia. Jingine ni lile neno linalokuchoma, langu lilikuwa mzembe, ulitamke kwa sauti haraka haraka kama nusu dakika, mzembe mzembe mzembe, mpaka nikawa nasikia mlio tu kama mtu anatwanga. Maana yake haijafutika, ila ule ukali ulipungua.

Nikamuuliza haya sio mambo ya wazungu kweli? Akasema hii tiba ya kukubali aliianzisha profesa wa saikolojia wa Marekani, Steven Hayes, ambaye mwaka 1978 yeye mwenyewe alishikwa na hofu kwenye kikao na wenzake mpaka sauti haikutoka. Lakini hapa jirani Uganda, kambi ya Rhino, wanawake karibu 700 wakimbizi wa Sudan Kusini waliingia kwenye utafiti, waliofundishwa njia hii, vipindi 5 tu wamekaa kikundi wanasikiliza sauti iliyorekodiwa, msongo wao ulipungua kuliko wenzao. Na hao wamekimbia vita mwanangu.

Swali lake la mwisho ndo liliniinua kitandani: wazo likiwepo hivyo hivyo, unataka kuwa baba wa namna gani? Na wewe nakuuliza, mana nakumbuka ulivyokuwa unamgeuza bibi yako kitandani ukiwa darasa la saba, ukasema utasomea unesi. Hilo halijaenda popote. Kesho likija wazo liambie nimekuona, beba daftari, nenda nalo darasani likae pembeni yako lipige kelele zake.

Ila kama linakwambia ujidhuru, hilo usikae nalo peke yako, amsha mwenzako wa chumbani, nipigie hata saa nane usiku, na asubuhi muende kwa mshauri wa chuo.

Mimi jana nilikuwa kule penye visiki, napalilia miche mipya. Lile wazo langu lilikuja, tena lilikuja na harufu ya moshi kabisa, nikasimama kidogo na jembe, afu nikaendelea, mistari mitatu nikamaliza kabla ya adhuhuri. Mama yako kakufungia korosho na ming'oko, vitakuja na basi la Alhamisi, ukavipokee.

Baba yako,
Tandahimba