Kuchuliwa Hakurudishi Nguvu za Vigimbi

Kila msimu wa mbio, sisi tunaotibu miguu ya wakimbiaji tunapata lalamiko lile lile: "Nimelipa, mmenichua, wiki mbili tu kigimbi kimekaza tena. Hela yangu imekwenda bure." Mara nyingi mlalamikaji amevuka miaka 50, amekimbia tangu ujana, na tulipompangia mazoezi ya uzito alijibu, "Hayo waachieni vijana."

Shida iko hapo. Kukimbia kunatunza moyo na pumzi, lakini peke yake hakutoshi kutunza nguvu za miguu. Misuli huanza kupungua taratibu baada ya miaka 30, na ukishapita 60 inapungua haraka zaidi. Nyuzi zinazotangulia kusinyaa ni zile za nguvu za ghafla, zinazokusukuma unapong'oa mguu chini. Kwa wakimbiaji, vigimbi huumia na upungufu huo kuliko nyonga. Hatua inafupika, nyonga inabebeshwa kazi isiyo yake, na kano ya kisigino inaanza kuuma.

Njia ya mkato tunaijua: diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ya duka la dawa, viatu vya soli nene, halafu kuongeza kilomita. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, alitujia akiwa ameshanunua jozi mbili za bei mbaya. Tulimsimamisha kwa mguu mmoja, mkono ukigusa ukuta kidogo, apande na kushuka kwa ncha za vidole. Wa kulia ulikwenda vizuri. Wa kushoto, mara ya sita goti lilijikunja kumsaidia na kisigino kikagoma kuinuka. Pesa ya viatu vile ingelipia miezi ya mazoezi.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza kinachukua saa nzima, na tunakitoza. Tunapima kila mguu peke yake, tunaandika, tunarudia kupima. Wanaochua kwa nusu ya bei yetu hawafanyi hivyo.

Zoezi lenyewe halina makuu: visigino vikining'inia kwenye ngazi, unapanda, unashuka polepole, mgongoni begi lenye pakiti za sembe zinazoongezwa mguu ukizoea. Mara mbili kwa wiki, siku zisizofuatana. Na usisingizie umri: utafiti wa Boston, Marekani, wa mwaka 1990 uliwapa mazoezi ya uzito wazee wa miaka 90 hivi waliokuwa kwenye nyumba ya wazee, na ndani ya wiki 8 nguvu za mapaja yao ziliongezeka zaidi ya maradufu.

Anayelenga Kilimanjaro Marathoni ya mwishoni mwa Februari aje Novemba, tupate kama wiki 12. Akija mwishoni mwa Januari tutampokea, ila hatutamchua tu ili aondoke ameridhika.