Mnatuambia tumalize dozi, wodini maji yapo?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kila mwaka ikifika ile wiki ya usugu wa dawa, Novemba 18 hadi 24, magazeti na redio zinajaa ujumbe ule ule, maliza dozi, usinunue antibayotiki bila cheti cha daktari, usimpe jirani vidonge vilivyobaki. Sawa, sina ugomvi na hayo, watu kweli wanaenda duka la dawa wanaomba amoksilini za buku na wanapewa. Ila mimi ni mtu wa maabara ya hospitali, na wale wadudu wagumu hasa, yani bakteria wasiokufa kwa dawa, ninaokutana nao kwenye sahani za kuoteshea mara nyingi hawatoki kwa huyo wa amoksilini za buku, wanatoka humu humu wodini kwetu.

Ngoja nieleze. Inaletwa sampuli, usaha wa kidonda cha mama aliyejifungua kwa upasuaji, nyuzi zimeachia. Naotesha, kesho yake nakuta bakteria anaitwa Klebsiella, madoa makubwa ya utelezi, ukiyagusa na kitanzi cha kuchotea yanavutika kama mlenda. Napaka sahani nyingine napanga vile vikaratasi vidogo vya duara, kila kimoja kina dawa yake, maana dawa inayofanya kazi inaacha sehemu safi kuizunguka na isiyofanya kazi wadudu wanaota mpaka wanakigusa kikaratasi. Kwa huyu mama seftriaksoni wameigusa, jentamaisini wameigusa, sipro wameigusa, septrini ndo usiseme. Imebaki meropenemu peke yake. Na huyu mama alikuja hospitali mzima kabisa, kaja kujifungua tu!

Wiki hiyo hiyo inaletwa damu ya kichanga kutoka wodi ya watoto njiti, mdudu ni Klebsiella tena na dawa zinazokataa ni zile zile moja baada ya nyingine. Sasa huyo mtoto tumwambie nini, amalize dozi? Hajawahi kuruka kidonge maishani mwake, hajui hata duka la dawa liko wapi.

Hao wadudu wanahama kwa mikono yetu sisi watumishi, kwa glovu moja inayotoka kitanda hadi kitanda, kwa kanula, ule mrija wa mshipani, iliyokaa siku nyingi, kwa mashine ya kunyonya ute, kwa sinki lenyewe. Klebsiella inapenda penye unyevu. Mwenzake Acinetobacter hata pakavu anakaa, kwenye reli ya kitanda anaweza kuishi wiki kadhaa anasubiri mgonjwa mwingine. Na kibaya zaidi zile jeni za kuivunja seftriaksoni mara nyingi ziko kwenye kipande cha DNA ambacho wanapeana wao kwa wao, hata mdudu wa aina nyingine anapewa, kwahiyo ukimwachia mmoja atambe wodini umewafundisha na wengine.

Na sio jambo la jana. Utafiti wa Muhimbili wa mwaka 2001 na 2002 kwa watoto waliolazwa ulionyesha wenye maambukizi ya damu ya bakteria wa kundi la gramu hasi, ambalo hao Klebsiella na Acinetobacter wamo, walifariki asilimia 43.5, wakati waliokuwa na malaria ni asilimia 20.2, yani zaidi ya mara mbili ya malaria ambayo ndo tunaigawia vyandarua nchi nzima. Miaka zaidi ya 20 imepita. Dunia nzima mwaka 2019 watu wanaokadiriwa kufika milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya usugu huu.

Kipindi cha korona kila mlango ulikuwa na ndoo ya bomba na sabuni, hospitali zilikuwa zinachanganya vitakasa mikono zenyewe kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani, spiriti, gliserini, haidrojeni paroksaidi na maji yaliyochemshwa, basi, hakuna uchawi. Leo ndoo zipo ila kavu, nyingine zimegeuzwa za kudekia. Nesi mmoja ana wagonjwa thelathini usiku, bomba lipo mwisho wa korido na saa nyingine halitoi, alafu tunamwambia anawe mikono kabla na baada ya kila mgonjwa. Anawe na nini? Simlaumu sista hata kidogo, na wanaomlaumu waje wakeshe naye zamu moja tu.

Lingine ni hili la seftriaksoni kwa kila mtu. Homa, seftriaksoni. Kidonda, seftriaksoni. UTI, seftriaksoni, hata mkojo haujapimwa. Naelewa kwanini, inachomwa mara moja kwa siku, bei yake inabebeka na ipo stoo. Lakini Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kuangaliwa kwa makini, sio za kuanzia tu kila kitu. Sasa mgonjwa anachomwa siku tatu, homa haishuki, anabadilishiwa, siku ya tano ndo dokta anakumbuka kuagiza kalcha, yani kipimo cha kuotesha wadudu, sampuli inakuja imeshajaa dawa, naotesha haioti kitu, naandika hakuna kilichoota na dokta ananiambia maabara yenu haifanyi kazi. Damu ya kalcha inachukuliwa KABLA ya sindano ya kwanza, jamani. Majibu yanachukua siku mbili tatu, sawa anza dawa usisubiri, ila chukua damu kwanza. Hapo tunaongelea siku ambazo chupa za kalcha zipo na vitendanishi havijaisha na ndugu wa mgonjwa wana hela ya kulipia kipimo.

Mwaka 2024 nchi zilikaa Umoja wa Mataifa zikakubaliana kwamba ifikapo 2030 asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumiwa na binadamu ziwe za lile kundi la kawaida la kuanzia, na vituo vyote vya afya viwe na huduma za msingi za maji na usafi. Hilo la pili silisikii kwenye matangazo. Nadhani ni rahisi zaidi kumwambia mwananchi amalize dozi kuliko kumlipa fundi bomba.

Kuna kitu kimoja hakisubiri bajeti. Kila hospitali ya mkoa inayootesha ina rejista, tunaijaza kila siku, mdudu gani, wodi gani, dawa gani imekubali na ipi imekataa. Nijuavyo kwetu hakuna anayekuja kuisoma. Waganga wafawidhi waagize kila miezi mitatu maabara ijumlishe kila wodi, wadudu gani wameota sana na dawa gani bado zinafanya kazi, karatasi moja, ibandikwe pale daktari anapoandikia dawa. Selotepu tutanunua wenyewe.

Mtu wa maabara,
Kanda ya Ziwa