Vijana wenye usonji nao wafundishwe lugha ya ishara

Mhariri,

Hapa Malindi ukitaja lugha ya ishara, watu hufikiria viziwi peke yao. Wapo pia vijana wenye usonji (autism), hali ya ubongo inayoathiri mawasiliano, ambao masikio yao ni mazima, ila maneno huwapita kabla akili haijayashika. Mpwa wangu, barobaro mwenye ndevu, ukimwambia "kaoge kisha uje tule", huduwaa. Mwonyeshe kwa mikono, jambo moja moja, polepole: atainuka achukue taulo. Ishara unaweza kuishikilia hewani mpaka aielewe. Neno likitoka limekwenda.

Jirani husema amechelewa, keshakuwa mtu mzima. Mimi sikubali kabisa. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara au njia nyingine inayomfaa, wala hakikuweka umri.

Naiomba Kaunti ya Kilifi ipeleke walimu wa Lugha ya Ishara ya Kenya katika vyuo vya ufundi, na sisi jamaa turuhusiwe kuketi darasani pamoja na vijana wetu. Kijana akijifunza peke yake, akirudi nyumbani atazungumza na nani?

Mjomba wa kijana,
Malindi