Vyuo vikuu vipime hewa na kuhesabu viumbe kwa pamoja, tena bila kuacha

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo vyuo vikuu vingi vinalichukulia kama la pembeni tu, nalo ni kupima hewa ya kampasi na kuhesabu viumbe wanaoishi humo humo. Mara nyingi inakuwa hivi, mradi unakuja, vipima hewa vinafungwa kwenye kuta mbili tatu, picha zinapigwa, ripoti inaandikwa, halafu hela ya mradi ikiisha zile mashine zinabaki ukutani zimezima na hakuna anayeuliza. Idara ya baiolojia nao wana orodha yao ya ndege na miti, imekaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja, siku akistaafu ndo basi tena. Watu wa hewa hawaongei na watu wa ndege, na mimi nasema hilo ni kosa kubwa.

Tuanze na hewa. Vumbi linaloumiza zaidi sio lile unalolifuta kwenye viatu, ni zile chembe za mikromita 2.5 kushuka chini, hizo huzioni kwa macho, zinapita puani zinazama mpaka ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilikaza kiwango chake cha chembe hizo, kutoka mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka kikashuka mpaka 5, na lenyewe linasema asilimia 99 ya watu duniani wanavuta hewa iliyozidi viwango vyake. Sasa chuo kina jenereta za dizeli, kina mabasi yanaunguruma getini bila kuzima injini, kina majani makavu yanayochomwa nyuma ya mabweni. Bila kupima, mwanafunzi anayelalamika kifua ataambiwa ni mzio wake tu. Na ndani ya madarasa vile vile, nje kaboni dayoksaidi iko kama sehemu 420 kwa milioni, ukikuta kwenye ukumbi wa mihadhara imepita 1,000 ujue hewa haizunguki na watu wanavuta pumzi walizozitoa wenzao.

Najua kuna wanaodharau vipima hewa vidogo vya bei nafuu, na hoja yao ina ukweli, vingi vinafanya kazi kwa kumulika chembe kwa leza na hewa ikiwa na unyevu mwingi chembe zinavimba, kifaa kinasoma juu kuliko hali halisi. Lakini dawa yake inajulikana, unaviweka kwanza kwa muda pembeni ya mashine kubwa ya uhakika, unalinganisha, unasahihisha, na baada ya muda unarudia tena. Kazi hiyo hiyo ni somo zuri kabisa kwa wanafunzi wa fizikia na takwimu.

Sasa kwa nini nasema hewa na viumbe viende pamoja? Kwa sababu viumbe wenyewe wanapima. Mwaka 1866 mtaalamu wa mimea William Nylander aliandika kuhusu laikeni za bustani ya Luxembourg pale Paris, yaani vile viumbe kama koga ya kijivu au kijani vinavyoota kwenye magome ya miti, akaona kwamba kuwepo kwake kunaonyesha usafi wa hewa. Zile zinazoning'inia kama vijitawi ndo zinakufa mapema hewa ikichafuka, zile zilizobandika kama rangi kwenye gome zinavumilia zaidi. Hiyo haihitaji umeme wala intaneti, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuzunguka na lenzi ya mkononi akajaza fomu.

Na uchafu wa hewa unagusa hata wadudu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walitoa utafiti mwaka 2022, walipuliza moshi wa dizeli na gesi ya ozoni kwenye shamba la haradali nyeusi kwa viwango ambavyo sio vya kutisha hata kidogo, na ziara za wadudu kwenye maua zikashuka mpaka kwa asilimia 90, kwa maelezo kwamba gesi hizo zinaiharibu harufu ya ua na mdudu hapati njia. Kwa hiyo aliyehesabu nyuki tu atasema nyuki wamepungua na hatajua kwa nini, na aliyepima gesi tu hatajua gesi imefanya nini.

Kuna lingine lililonifurahisha sana, mwaka 2023 watafiti walichukua vichujio vya vituo vya kupima hewa huko huko Uingereza wakachunguza vinasaba vilivyonasa humo, wakakuta alama za aina zaidi ya 180 za mimea, kuvu, wadudu, ndege na wanyama. Yaani kichujio ambacho tulikuwa tunakipima vumbi halafu tunakitupa, kumbe kimebeba kumbukumbu ya viumbe wa eneo zima! Vyuo vyenye maabara ya vinasaba vianze leo kuhifadhi vichujio vyao kwenye friza hata kama uwezo wa kuvichunguza bado, maana hewa ya mwaka huu hairudi.

Ila yote haya hayana maana bila kuendelea. Chuo Kikuu cha Oxford kinafuatilia ndege wadogo kwenye msitu wake wa Wytham tangu 1947, na kwa sababu hawakuacha ndo maana leo wanaweza kuonyesha kwamba ndege hao wanataga mapema kuliko zamani jinsi majira ya baridi yanavyoisha mapema. Miaka miwili ya data isingewaambia kitu. Na kuhesabu kuwe na utaratibu, njia ile ile, saa zile zile, uandike umetembea muda gani na mlikuwa wangapi, na siku ambayo hujaona kitu uandike sifuri, watu wengi wanairuka hiyo sifuri na ndo inayoharibu data. Vyombo vipo, iNaturalist, ile tovuti na programu ya simu ambako watu wanaweka picha za viumbe waliowaona, yenyewe ilianza 2008 kama kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili pale Berkeley, wanafunzi kama hawa hawa tunaowaambia wasubiri vibali.

Ninachoomba kwa wakuu wa vyuo ni hiki, mwajirini mtu mmoja wa kudumu, sio wa mradi, kazi yake iwe kutunza vipima hewa na kumbukumbu za viumbe. Data ziwe wazi, mzazi na mwanafunzi wazione kila siku bila kuandika barua. Na kabla mti mkubwa haujakatwa ili magari yapate pa kuegesha, kamati iweke mezani namba za hewa za eneo hilo na orodha ya ndege, popo na wadudu wanaoutumia, na uamuzi uandikwe pamoja na majina ya waliouidhinisha.

Mhadhiri, msomaji wenu wa siku nyingi