Imeandika "imemaliza", mbona faili ni tupu?

Mteja analeta flashi. Jina la faili lipo, tarehe ipo, ukubwa unasoma 0. "Niliona kabisa imemaliza kukopi!" Tunamwamini, maana kompyuta ilimwambia hivyo kweli.

Ukibofya kuseivu, mara nyingi kompyuta haiandiki kwenye diski papo hapo. Inaihifadhi kazi kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika, inakuachia skrini uendelee na mambo yako, halafu inaishusha baadaye kwa mafungu. Diski za kuzunguka ni nzito, na flashi za bei poa ndiyo usiseme, kwa hiyo bila ujanja huo ungesubiri kila kukicha. Balaa ni umeme ukikatika, au mtu akichomoa flashi, kabla fungu la mwisho halijashuka.

Hili liliwahi kuzua kelele kubwa. Mwaka 2009 baadhi ya watumiaji wa Linux, mfumo endeshi kama Windows, waliohamia ext4, mfumo wa faili (njia ya kupanga mafaili kwenye diski), walikuta kompyuta ikizima ghafla, mafaili ya mipangilio yanabaki na baiti sifuri. Ext3, mfumo uliotangulia, kwa kawaida ilishusha data kila sekunde 5. Ext4 iliweza kungoja nusu dakika au zaidi ili iipange vizuri. Theodore Ts'o, msimamizi wake, alisema programu ndizo zilipaswa kuagiza data ishushwe mara moja. Kitaalamu yuko sahihi, ila aliyepoteza faili, hilo halimsaidii kitu, na Linux 2.6.30 iliongezewa kinga mwaka huohuo.

NTFS, mfumo wa faili wa Windows, ina daftari la kumbukumbu linaloandika mabadiliko yanayofanyika, lakini daftari hilo hulinda mpangilio wa mafaili, si yaliyomo ndani. FAT32 na exFAT, mifumo ya faili inayotumika kwenye flashi nyingi, hazina hata hilo. Tangu toleo la 1809 la mwaka 2018, Windows 10 huanza na mpangilio wa kuondoa flashi haraka, yaani haicheleweshi kuiandikia, hivyo hatari imepungua. Bado, taa ikiwa inapepesa, usichomoe.

Kompyuta ya mauzo ya duka tunaizimia ucheleweshaji huo wa kuandika kwenye diski. Itakuwa nzito kidogo, na tunaona inastahili. Ya kuhariri video tunauacha, ila tunataka iwe na UPS, betri ya akiba ya umeme ukikatika.

Ukishakuta faili la sifuri, usikopi kitu kingine kwenye flashi hiyo wala usiifomati. Ilete ilivyo. Kama data haikuwahi kushuka kabisa, hakuna programu ya kuirudisha, nasi tutakuambia hapohapo kabla hujalipa.