Msaada wa pesa usiwatenge majirani

Mhariri,

Mtu akinuna jirani yake anapopata, husemwa ana kijicho na mazungumzo yanaishia hapo. Sisi wa Siaya, magharibi mwa Kenya, hatuwezi kuyafunga upesi hivyo, maana jambo hili lilipimwa kwetu.

Kati ya 2011 na 2013, shirika la misaada la GiveDirectly liliwatumia watu pesa kwa simu huko Rarieda, humu humu Siaya. Zililenga nyumba za nyasi, lakini ndani ya kijiji kimoja kura iliwapa baadhi na kuwaruka wengine wenye nyasi zile zile. Mtafiti Johannes Haushofer na wenzake walipochambua matokeo, waliona kwamba kadiri majirani walivyotajirika, ndivyo wengine, hasa waliokosa kabisa, walivyozidi kutoridhika na maisha yao. Na hakuna aliyewanyang'anya kitu!

Mimi sishangai. Pesa nyingi ziliishia kwenye mabati, na mabati hayafichiki. Mvua ikinyesha usiku, mama wa nyumba ya nyasi anasogeza godoro la watoto kukwepa matone huku akisikia bati la jirani likirindima. Angeambiwa amekosa kwa sababu ana ng'ombe watatu, angenung'unika kisha akaelewa. Kura haina sababu ya kumpa.

Lakini jirani kupata si sumu. Katika jaribio kubwa lililofuata hapa hapa Siaya, kaya zaidi ya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, na safari hii kijiji kikichaguliwa, nyumba zake zote zilizotimiza sharti la nyasi zilipata. Pesa zikazunguka sokoni, hata matumizi ya wasiopewa yakapanda. Tena bati hilo hilo likiwekewa mfereji na tangi, watoto wa jirani huchota maji ya mvua badala ya kushuka kwenye kidimbwi wanachonywea ng'ombe. Hiyo ni afya, tena bila daktari.

Marekani nako, kuanzia 1994, familia maskini za miji mitano zilisaidiwa kuhamia mitaa yenye umaskini mdogo zaidi, yaani kwa majirani wenye nafuu. Baada ya miaka 10 na ushei, mapato yao hayakuwa yamepanda, lakini kisukari na unene wa kupindukia vilikuwa vichache kwa akina mama waliopewa nafasi hiyo kuliko kwa wenzao wasioipata.

Basi wafadhili na serikali ya kaunti wasikilize. Fedha zisipotosha, wapunguze vijiji, wasikikate kijiji vipande. Sharti lisomwe hadharani kwenye baraza la chifu kabla simu ya kwanza haijaita, liwe wazi kama lile la umri wa miaka 70 kwa wazee wa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza. Na anayedhani amerukwa aonyeshwe pa kulalamika, pasiwe kwa mzee wa kijiji yule yule aliyeandikisha majina.

Mwalimu mstaafu,
Bondo