Mama akiruhusiwa wodini aambiwe na pa kukimbilia

Mhariri, habari za kazi. Naandika kuhusu watoto wa kichwa kikubwa na mgongo wazi. Wangu ana miaka minne, aliwekewa mpira wa kutoa maji kichwani kushuka tumboni, ukipitisha kidole nyuma ya sikio unausikia kabisa chini ya ngozi.

Siku tunaruhusiwa nilipewa dawa na tarehe ya kliniki, basi. Hakuna aliyeniambia mpira unaweza kuziba, kwamba mtoto akianza kutapika na kusinzia hovyo usisubiri kukuche. Wala kwamba kuna chama cha wazazi wa watoto kama hawa, ASBAHT, wala kwamba pale halmashauri kuna afisa ustawi wa jamii. Haya nimekuja kuyajua mwaka mzima baadaye kwenye daladala, mama mmoja kamwangalia mwanangu akaniuliza, "Dada, huyu si ana mpira? Na wangu pia." Tulishuka wote tukakaa chini ya mwembe, akanieleza mpaka habari za katheta, kile kimrija cha kutolea mkojo, nililia jamani.

Sasa naomba hivi, nesi akiandika karatasi ya kuruhusiwa aongeze mistari miwili tu, namba ya chama na ofisi ya ustawi ya kule mama anakokaa. Na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe dalili hizo, maana wao ndo wanaofika mlangoni kwetu, sisi wa huku Kilosa mpaka Muhimbili ni nauli ya kuchangisha.

Mama wa mtoto,
Kilosa, Morogoro